Nimepima udongo wa bondeni Njombe: kipima cha elfu 35, maabara, na shimo la mita moja

Niseme mapema kabla sijaanza kupiga stori: jumla nimetumia laki 3 na 75, na kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni shimo. Shimo tu la mita moja, ambalo vijana wawili wa pale kijijini wangelichimba kwa soda na maandazi. Ila bila yule jamaa wa huduma ya kupima udongo nisingejua nachungulia nini humo ndani, kwahiyo hela ya shimo siidai, nadai vingine, tutavifikia.

Shamba lenyewe ni la marehemu baba, heka 2, Njombe, upande wa barabara ya kwenda Makete. Mi naishi Dar, naenda mara mbili au tatu kwa mwaka, anayekaa nalo ni bamdogo. Ni bonde. Juu kuna udongo mwekundu, ule ambao mvua ikinyesha unakuvua kiatu, katikati pameinama taratibu na udongo wake ni wa kahawia, halafu chini kabisa kuna kijito na ardhi nyeusi ambayo wazee wamelima vinyungu miaka yote, yaani zile bustani za kiangazi, mahindi mabichi, maharage, kabichi, viazi, wakati huko juu hakuna kinachoota. Kabla hujafika kwenye weusi kuna mstari wa mianzi unakatiza shamba kutoka mpaka hadi mpaka, ile mianzi ya kugemea ulanzi, pombe ya kule. Ikumbukeni hiyo mianzi.

Mwaka juzi na mimi nikaingia kwenye parachichi kama kila mtu mwenye ndugu Njombe. Nikanunua miche 70 ya Hass nikaagiza ipandwe kule chini kwenye weusi. Hesabu yangu ilikua nyepesi, udongo mweusi ndo wenye rutuba, maji yako hatua kumi, kiangazi mtu anamwagilia kwa ndoo tu basi. Bamdogo akaniambia kwenye simu, "Mama, kule chini pana baridi," nikamjibu bamdogo Njombe yote ina baridi. Akanyamaza. Ilipandwa Desemba, kufika Machi majani yameshaanza kuwa ya njano, ncha zimekauka, ukivuta mche mizizi myeusi inakatika kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Iliyobaki ikaingia mwezi wa 7, siku mbili za barafu zikaiunguza ukaona kama moto umepita. Ikapona 9.

Kwa asiyeijua Njombe, mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua zinaanza Novemba zinakata Aprili au mwanzoni mwa Mei, baada ya hapo ni kukavu mpaka Oktoba, na humo katikati, Juni mpaka Agosti, ni baridi kavu. Mchana jua kali, midomo inapasuka, vumbi, usiku hakuna hata kiwingu cha kufunika, joto lote la ardhi linapaa. Hewa iliyopoa inakua nzito inateremka mlimani kama maji, inaenda kutuama chini. Asubuhi unakuta nyasi za bondeni nyeupe, ukipanda hatua hamsini nyasi zina umande wa kawaida. Kwahiyo bondeni vinatuama vitu viwili, maji kwa wakati wake na baridi kwa wakati wake, na mimi nilienda kupanda palepale vinapokutana.

Haya, kipima. Ni kile kidude cha kijani chenye miguu miwili ya chuma na uso kama wa saa, swichi ina vituo vitatu, unyevu, mwanga na pH, yaani uchachu wa udongo, namba ikishuka chini ya 7 ndo uchachu unazidi, na hakina betri. Nilikipata Kariakoo elfu 35, muuzaji akaniapia kwa mama yake kwamba mabwana shamba wote wanatumia hicho. Nikapanda nacho basi, kama kilomita 700 hivi Dar mpaka Njombe, nimekipakata kama yai, ukifika Makambako unaanza kuvaa kila kitu ulichobeba.

Asubuhi nikakichomeka katikati ya shamba. Sindano ikalala kwenye 8. Nikaenda juu kwenye wekundu, 8. Chini kwenye weusi wenye majimaji ikasogea mpaka 6 na nusu. Nikakitoa nikakifuta nikakishika hewani: 8. Hapo moyo ukafanya paa, nikajua nimepigwa. Nikarudi katikati nikamwaga kikombe cha maji nikachomeka, ikaja 6, nikaongeza kikombe kingine ikashuka chini ya 6. Udongo uleule, tundu lilelile, dakika kumi hazijaisha, na pH imesoma namba tatu tofauti kwa sababu ya kikombe cha chai.

Baadae nikaja kueleweshwa. Ile miguu ni metali mbili tofauti, ikikaa kwenye unyevu inazalisha umeme kidogo sana na huo ndo unasukuma sindano, ndo maana hakina betri. Kwahiyo kinachosomeka humo zaidi ni maji na chumvichumvi zilizoyeyuka, uchachu wenyewe wa udongo unabebwa lifti tu. Kwenye udongo mkavu wa mwezi wa 7 hakuna maji, basi hakuna umeme, sindano inajilalia zake. Kama una chungu cha maua sebuleni unataka kujua umemwagilia lini, nunua. Kama unataka kuamua hela ya chokaa, ile ya kupunguza uchachu wa udongo, acha kabisa. Nyota 1, na hiyo moja ni ya kile kituo cha mwanga ambacho kweli kinafanya kazi, mwanangu anapimia dirisha lipi lina jua.

Sasa huduma. Jina sitaji maana nina malalamiko na sina nguvu za kugombana na mtu. Ni watu wanaokuja shambani kwako, wanaangalia, wanachukua sampuli, wanapeleka maabara, halafu unaletewa ripoti na ushauri. Bei waliyonipa: sampuli moja elfu 40 na nilitoa tatu, siku ya shambani laki na nusu, mafuta ya pikipiki na chakula elfu 70. Mafuta ya pikipiki elfu 70 anaendea wapi, Zambia? Ila nikalipa, nilikua nimeshachoka kuhesabu miche iliyokufa.

Alisema saa 2 asubuhi, akafika saa 6 kasoro. Kijana mpole, begi mgongoni, sururu na koleo amevifunga kwenye pikipiki, ndoo ya plastiki, chupa mbili za maji, na lile chuma la kuzungusha kama keekee la kutolea udongo wa chini. Hakuna kompyuta, hakuna mtambo wowote unaowaka taa, nikaanza kuililia laki na nusu yangu kimoyomoyo. Akamwamkia bamdogo, Kamwene, Kamwene, habari za mvua, habari za watoto, robo saa nzima wamesimama wanaongea Kibena na mimi natazama saa.

Kumbe ndo alikua kazini. Alikua anamuuliza mwezi wa 2 maji yalisimama wapi, ikinyesha ile mvua kubwa njia ya ng'ombe inakauka baada ya siku ngapi, barafu inaishia wapi. Bamdogo akanyoosha fimbo akachora hewani, kutoka kwenye ule mkaratusi mpaka kwenye jiwe, kuanzia hapo kushuka. Hakusita hata kidogo. Hilo shamba liko mikononi mwangu miaka 6 na sijawahi kumuuliza hilo swali, na siku aliponidokeza kwenye simu nikamkata kauli.

Cha kwanza akachota konzi ya udongo wa katikati akawa anautia maji kidogokidogo, anaukanda, mpaka ukawa donge la saizi ya kitumbua. Halafu akawa anausukuma kwa kidole gumba juu ya kile cha shahada utoke kama utepe. Ukafika sentimita 2 hivi ukakatika wenyewe ukaanguka. Akasema, "Tifutifu huo dada, huo usiuache." Akaenda kuchukua wa chini, ule mweusi, akafanya vilevile: utepe ukatoka, ukatoka, ukapita urefu wa kidole chake unaning'inia tu haukatiki, halafu unang'aa. Ukishapita sentimita 5 hapo una mfinyanzi, unaweza ukakaa chini ukaanza biashara ya vyungu. Ule mwekundu wa juu nao ulivuta karibu 5 na kitu, nao mfinyanzi, ila akasema usiuogope sana kwa sababu chembe zake zimeshikana vibongebonge na maji yanapita katikati, shida yake ni njaa zaidi kuliko kulowa.

Nikajaribu mwenyewe, na hapa ndo naomba mtu asome polepole kama anatafuta shamba. Ule wa katikati ukiusugua kwenye vidole unasikia vitu vitatu kwa pamoja, mchanga unakwaruza kwa mbali, kuna ulaini kama wa unga wa ngano, na kuna kunata kidogo tu, na hakuna anayemzidi mwenzake. Ukifumba ngumi unashikana ukabaki na alama za vidole, ukiudonoa na kucha unavunjika chengachenga. Ule mfinyanzi ukiudonoa unabonyea tu. Ukiwa na mchanga mtupu hata haushikani, ukifungua mkono umeshamwagika.

Ukitaka bila utaalamu wa vidole, chukua chupa ya glasi, udongo robo chupa, maji, sabuni ya unga kidogo, tikisa mpaka mkono uume, weka mezani. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika moja, lile tope laini linafuata kwa masaa kadhaa, mfinyanzi ndo mvivu, siku nzima au zaidi maji bado yana rangi ya chai ya maziwa. Unapima matabaka kwa rula. Vitabuni tifutifu wanaiweka karibu mchanga 40, tope laini 40, mfinyanzi 20, ila hiyo ni katikati ya duara, ukicheza humohumo jirani bado ni tifutifu. Nilifanya Dar na chupa ya siagi ya karanga, mume wangu akadhani nimeanza mambo ya waganga.

Sasa shimo. Akachimba, au tuseme akaanza yeye wakamalizia vijana, shimo la mita moja pale katikati, ukuta mmoja akauchonga ukanyooka halafu akaukwangua kwa kisu ili uonekane vizuri. Akaniambia niingie. Nikaingia na masweta yangu mawili.

Juu, kama sentimita 35, rangi ya kahawa, umechambuka, umejaa vijizizi na vitundu vya minyoo ambavyo kijiti cha kiberiti kinaingia. Chini yake unageuka kahawia wekundu, umekaza kidogo ila vitundu bado vipo na mizizi ya nyasi bado inashuka humo. Kufika sentimita 80 hivi zikaanza kuonekana alama ndogondogo za rangi ya chungwa, kama mtu amekung'uta mswaki wenye kutu, na katikati yake vijialama vya kijivu. Nikauliza hii nini. Akasema hiyo ni kutu kweli, chuma kilichomo kwenye udongo. Maji yakisimama muda mrefu hewa inakosekana, chuma kinapoteza wekundu na kuhama, udongo unabaki kijivu, yakishuka hewa ikarudi kinapata kutu palepale. Kwahiyo pale sentimita 80 ndo maji yanafika masika na kukaa. Kwa mti wa parachichi ambao mizizi yake ya kulia chakula mingi iko juujuu, ndani ya ile sentimita 30 ya kwanza hivi, hiyo ni nafasi ya kutosha.

Tukaenda kuchimba la pili chini, pale ilipofia miche yangu. Hatukuchimba sana. Sentimita 25 tu, chini ya weusi, ukuta wote ni kijivu na kutu, kutu na kijivu, na harufu ya mtaro kwa mbali. Juu pale unaposimama pamekauka, pana nyufa, ukitembea unasikia vumbi. Hii ndo kitu nilikua sijui na imenigharimu: mtu wa mjini anaenda kukagua shamba mwezi wa 7 au wa 8 kwa sababu barabara zinapitika, anakuta bonde zima limekauka zuri, anasema hapa maji hayasimami. Kiangazi kila udongo unaonekana hautuamishi maji. Ile kutu ndo kumbukumbu ya masika, iko pale mwaka mzima, unahitaji koleo tu uione. Na mizizi ya parachichi ikikaa kwenye maji hata siku chache inakosa hewa, halafu kuna kile kijidudu cha kuozesha mizizi, Phytophthora, kinasubiri hali hiyohiyo. Miche yangu ilikua imeshaoza kabla baridi haijafika, barafu ilikuja kumalizia tu.

Halafu kipimo cha maji. Kishimo cha sentimita 30 katikati ya shamba, ukakijaza, ukaacha yaishe, ukajaza tena, unachomeka rula, unasubiri saa zima. Nilitumia rula ya mwanangu yenye picha ya katuni. Katikati yalishuka sentimita 4 kwa saa. Akasema kati ya 2 na nusu na 7 hivi ndo panapotakiwa, chini ya hapo yanagoma, juu sana ya hapo utamwagilia mpaka ukome kwa sababu udongo haushiki kitu. Kule chini saa lilikwisha tukaangalia, rula haijashuka hata nusu sentimita, tukaacha tukaenda kunywa chai, tukarudi, maji yanatutazama.

Kwenye kuchukua sampuli nilimpa alama zote. Kila kipande cha shamba alizunguka zigizaga sehemu 15, anachukua kina kilekile, anamwaga kwenye ndoo ya plastiki. Nikamwambia ndoo ya bati ipo pale jikoni, akakataa, ile ina zinki itaingia kwenye majibu. Akachanganya, akagawa robo nne akatupa mbili, akarudia mpaka ikabaki nusu kilo, akaanika kivulini juani hataki. Pale kwenye samadi ya ng'ombe na pale bamdogo alipochomea takataka hakugusa. Kama mtu anakuja kupima kwako na anachota pembeni ya njia sehemu moja anaondoka, mrudishe nyumbani kwake.

Sasa malalamiko. Niliambiwa majibu siku 10. Yamekuja wiki ya 5. Katikati hapo meseji inasomwa, tiki mbili za bluu, kimya, unapiga simu "dada nipo barabarani nakupigia", barabara gani isiyoisha. Halafu ripoti ikaja kwenye WhatsApp, kurasa 4, Kiingereza chote na vifupisho, mtu aliyesoma mpaka chuo kama mimi ikabidi nikae nayo, je bamdogo ambaye ndo mkulima?

Na kubwa kuliko yote, ushauri wa chokaa. Katikati ya shamba pH imekuja 5.2, mchanga 44, tope laini 32, mfinyanzi 24, fosforasi imeandikwa ndogo sana, na mboji siyo mbaya. Kwahiyo ni tifutifu kweli, vidole vyake havikukosea, ila ni chachu, na kwenye uchachu wa hivyo fosforasi inakamatwa na chuma na aluminiamu mmea hauipati hata ukimwaga mbolea ya DAP. Ushauri: chokaa tani 2, pembeni imeandikwa ha. Mimi nikasoma heka. Ni nani Tanzania hii akiona ha hasomi heka? Heka 2, tani 4. Nimeshampigia muuza chokaa, nimeshaulizia na Fuso ya kubeba, bamdogo ndo akauliza, "Tani 4 za nini mama, unapaka nyumba rangi?" Ndo nikamtafuta yule kijana, akapokea siku hiyo kwa neema za Mungu, kumbe ha ni hekta, na hekta moja ni karibu heka 2 na nusu. Nilikua natakiwa tani 1 na 600 kwa shamba zima. Ningemwaga tani 4 pH ingepaa, zinki na chuma vingefungiwa huko, majani yakawa ya njano tena na mimi ningesema ni baridi. Andikeni heka jamani, au andikeni hata mifuko kwa heka, sisi tunanunua mifuko. Kwa hilo peke yake nimewakata nyota nzima. Fosforasi wamenishauri mbolea ya Minjingu badala ya kukimbilia DAP, hilo nimelikubali, ile ya Manyara ni mwamba wa fosfeti na kwenye udongo mchachu ndo unayeyuka vizuri.

Kuna mambo mawili aliyaongea kwa mdomo siku ile wala hayamo kwenye ripoti, na kwangu yana thamani kuliko kurasa zote 4.

La kwanza ni kuhusu tifutifu na baridi. Udongo uliolowa unachelewa kupata joto kwa sababu maji yanakula joto jingi kabla hayajapanda hata kidogo, ule wa katikati unapitisha maji ya ziada kwahiyo kufika saa 4 asubuhi umeshapata uvuguvugu na wa chini bado umeganda. Lakini hapohapo haukauki kama mchanga, kila sentimita 10 za kina unabakiza kama milimita 15 hadi 20 za maji ambayo mti unaweza kuyanywa, mchanga mtupu hata nusu yake haufiki. Kwenye miezi mitano ya ukavu hiyo ndo akiba. Ila baridi inawafanya vijidudu vya udongo wawe wavivu, samadi haiozi haraka. Nilikua nimeweka samadi mwezi wa 5, mwezi wa 8 nikaifukua, majani ya ng'ombe bado nayatambua. Usitegemee samadi ya Juni ikulishie mti Juni, iweke mapema mvua zikiwa bado zipo na udongo una joto.

La pili, matandazo. Mimi niliambiwa kila mahali funika, funika, udongo usikauke. Kweli. Ila akasema kwenye ile miezi ya barafu, pale kuzunguka mche mdogo, sogeza majani makavu pembeni, udongo ubaki wazi na mwagilia siku moja kabla ukiona anga limekua jeupe halina wingu na hakuna upepo. Udongo ulio wazi na wenye unyevu unanyonya jua mchana unalitoa usiku, linapita kwenye mche. Ukiufunika joto linabaki chini ya majani na mche unagandia juu. Barafu ikipita, Septemba, rudisha. Ni kazi, ndio, lakini ni miche 60 siyo elfu 6.

Desemba hii nimepanda 60, yote katikati, kila mmoja kwenye kituta kilichonyanyuka kidogo. Saizi ni Februari, mvua zimepiga vya kutosha, 58 iko hai na mibichi, miwili imeliwa na mbuzi wa jirani na kesi iko kwa balozi. Chini kwenye weusi nimemrudishia bamdogo vinyungu vyake na kabichi zake, ile miche 9 tumeihamishia juu, sita zimeshika.

Kwahiyo kwa watakaouliza: huduma nyota 3 na nusu, siku ya shambani ingekua peke yake ningetoa 5. Ukiwaita wambie mapema unataka shimo mbele ya macho yako, unataka ripoti Kiswahili, unataka vipimo kwa heka, na mafuta mkubaliane kabla hajawasha pikipiki. Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, lipa hiyo siku, maabara itafuata mwakani. Wanaopenda maabara za serikali, TARI, ile taasisi ya utafiti wa kilimo, wapo Uyole kule Mbeya na Mlingano Tanga ndo kitovu chao cha udongo, SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, pia wanapima, mi sijapeleka huko kwahiyo siwezi kuwapa nyota.

Imebaki mianzi. Yule kijana alivyokua anaondoka aliangalia ule mstari akasema hewa ya baridi ikiteremka inagonga hapo inakwama kama maji kwenye bwawa, inajaa kurudi juu mpaka kwenye miche yako ya katikati, fungua mlango hata wa hatua nane ipite iende kijitoni. Nikamwambia bamdogo. Akaniangalia, akaangalia mianzi, akauliza nani atakayelipia ulanzi wa hatua nane. Tumebishana simu tatu. Juzi ameniambia basi mama, subiri ulanzi wa mwaka huu uishe, mvua zikikata uje na panga lako mwenyewe ukate, yeye hagusi.